Kijitabu cha Kurasa Nane

"Mwakenya! Huyu kijana ana mwakenya!"

Sauti ya mwalimu msimamizi ilipasua ukimya wa ukumbi wa mitihani kama radi ya kiangazi. Vichwa zaidi ya mia moja viligeuka kwa pamoja. Mimi nilibaki nimeduwaa, kalamu imesimama juu ya swali la saba, kijasho chembamba kikinitiririka mgongoni. Sakafuni, karibu na kiatu changu cha kushoto, kilikuwa kimelala kitu kidogo cheupe kisichozidi kiganja cha mkono. Kilikuwa kimeniponyoka mfukoni nilipokuwa nikitoa leso ya kujifutia kamasi.

Mpenzi msomaji, najua umekwisha kunihukumu. Hata mimi ningekuwa wewe ningefanya vivyo hivyo. Lakini nakuomba uketi kitako nikusimulie kitu hicho kilikuwa nini, hutengenezwaje, na kwa nini hadi leo sitembei bila kingine kama hicho mfukoni. Isipokuwa siku ya mtihani, bila shaka!

Mama yangu huuza njugu karanga mjini Nakuru, karibu na kituo cha matatu. Zamani alizitia njugu zake katika vijifuko vya plastiki. Kisha tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza kutekelezwa, naye, kama wachuuzi wenzake wengi, akarudia mtindo wa kale wa karatasi. Nilikuwa darasa la tatu. Kila jioni, baada ya chakula, tuliketi kwenye vigoda tukipasua madaftari makuukuu na kuzikunja kurasa zake ziwe pembe ndogo za kutilia njugu za shilingi kumi.

Hapo ndipo nilipofunzwa adabu ya karatasi.

"Wewe, usiikunje kama unagombana nayo," Mama alikuwa akiniambia. "Ibembeleze kwanza, halafu ndio uipige ukucha."

Alinionyesha pia kwamba karatasi ina njia yake kama mbao. Upande mmoja inakubali, upande mwingine inakataa. Sababu yake niliijua baadaye sana. Karatasi ya kiwandani hutokana na nyuzinyuzi ndogo za mti, na nyingi kati ya hizo hulala zikielekea upande mmoja, ule ambao mashine ilikuwa ikiivutia karatasi. Ukikunja kwa kuzifuata nyuzi hizo, mkunjo hunyooka sawasawa. Ukikunja kwa kuzikata, mkunjo hukataa kutulia na wakati mwingine hupasuka. Mama hakuhitaji kuambiwa hayo. Vidole vyake vilikuwa vinajua.

Sasa tuingie penye uchungu. Muhula wa kwanza wa mwaka 2024, nikiwa Kidato cha Pili, nilipata asilimia 19 katika Hisabati. Ndiyo, umesoma vizuri: kumi na tisa! Karo yangu Mama alikuwa ameilipa kwa njugu za shilingi kumi kumi. Piga hesabu mwenyewe, maana huenda unaijua kunishinda, ni pembe ngapi za karatasi hizo.

Nilifika nyumbani mwezi wa Aprili na ripoti ndani ya sanduku. Mama akauliza, "Na ripoti iko wapi?"

"Bado, Mama. Walimu wanasema watatupatia tukifungua."

Uongo ule ulinitoka mdomoni laini kama mafuta. Usiku nikaiingiza ripoti ndani ya atlasi yangu ya shule ya msingi, nikaifukia katika boksi la vitabu vya zamani chini ya kitanda. Nilijiambia nitamweleza kabla ya kufungua shule. Tulipaswa kufungua tarehe 29 Aprili, lakini mwaka ule mvua ilinyesha kana kwamba mbingu zimetoboka, mafuriko yakawa mengi nchini, na kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa hadi tarehe 13 Mei. Nikapewa wiki mbili zaidi za kusema kweli. Kila jioni mvua ilipiga ngoma juu ya mabati, sisi tukikunja karatasi magoti yakigusana, na kila jioni neno lilinifika kooni nikalimeza.

Niliporudi shuleni niliapa kubadilika. Nilinunua karatasi ya manila na kalamu za rangi, nikachora ratiba kubwa iliyoanza saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku. Kila nusu saa ilikuwa na rangi yake. Nikaibandika ukutani kando ya kitanda, nao wenzangu wa bwenini wakaja kuitazama kama watalii. "Aisee, wewe umeamua!" wakasema. Nikavimba kichwa.

Ratiba hiyo ilidumu siku tatu. Siku ya nne nilichelewa kuamka, na kwa kuwa saa ya kwanza ilikuwa imeharibika, nikaona zote zimeharibika. Nilipoitazama kwa makini nikagundua kwamba ilikuwa ratiba ya mtu mwingine: mtu asiyelala, asiyeumwa na tumbo, asiyeogopa Hisabati. Kuichora ndiko kulikokuwa kazi yangu ya siku hizo tatu. Nilikuwa nikipaka rangi mahali pa kusoma.

Jumapili ya tarehe 19 Mei mvua ilitufungia bwenini. Nilikuwa nimejilaza bila la kufanya, na mikono yangu, kwa mazoea ya nyumbani, ikaanza kutafuta karatasi ya kukunja. Nikachukua daftari la kurasa 96, nikainua vile vyuma viwili vya katikati, nikachomoa karatasi ya kati. (Daftari linabaki na kurasa 92 na wala halionyeshi kidonda.) Nikaikunja hivi, nikaikunja vile, nikakata mara moja kwa wembe. Lo! Kikatokea kijitabu chenye kurasa nane, bila gundi, bila uzi, bila pini.

Ukitaka kukitengeneza, fuata hatua hizi polepole. Chukua karatasi ya A4. Iweke mezani ikiwa imelala, yaani upande mrefu uelekee tumboni mwako. Ikunje ili upande mrefu wa chini ukutane na ule wa juu, piga ukucha, kisha ifungue. Sasa ikunje ili upande mfupi wa kushoto ukutane na wa kulia. Ukiwa umeiacha hivyo, ikunje nusu tena kwa namna ile ile. Ifungue yote. Utaona vyumba vinane, vinne juu na vinne chini.

Ikunje tena mara moja tu, kushoto kwa kulia. Shika wembe au makasi, anzia upande ule uliokunjwa, fuata mstari wa katikati, na ukome pale unapokutana na mkunjo wa kwanza. Usipite hapo! Ukiifungua utaona mpasuko katikati ya karatasi. Ikunje kwa urefu kama mara ya kwanza, shika ncha zake mbili, uzisukume zikaribiane. Ule mpasuko utafunguka kama mdomo wa kinda la ndege anayengoja chakula, na karatasi itasimama kama msalaba. Laza mabawa yote upande mmoja. Basi, kijitabu tayari. Kila ukurasa una upana wa milimita 74 na urefu wa milimita 105, na kama karatasi yako ni ile ya kawaida ya gramu 80 kwa mita mraba, kijitabu kizima kina uzito wa gramu tano tu.

Nilikihesabu kurasa nikaona kama kimeumbwa kwa ajili ya wiki. Ukurasa wa kwanza ni jalada. Wa pili hadi wa saba ni Jumatatu hadi Jumamosi. Wa nane nikauandika MADENI. Jumapili haina ukurasa, kwa maana ndiyo siku ya kutengeneza kijitabu kipya.

Faida ya kwanza niliyoiona ni kwamba ukurasa mdogo haubebi majivuno. Huwezi kuandika pale "Kurudia Hisabati yote." Panatosha "Logi, maswali matano." Na maswali matano, ndugu yangu, hata mwoga huyaweza. Faida ya pili ni kwamba wiki ikiharibika, inakufa Jumamosi. Jumapili unaanza na karatasi safi, tena umeikunja kwa mikono yako mwenyewe.

Halafu kuna siri. Karatasi ina pande mbili, lakini kijitabu hiki hutumia upande mmoja tu. Upande wa pili umejificha ndani, hauonekani hadi uifungue karatasi yote. Nikaona ni haramu kuuacha mtupu. Basi kila Jumapili, baada ya kukata na kabla ya kukunja, nilichora picha moja upande ule. Shida ilikuwa ule mpasuko, ambao hupita katikati ya kila picha utake usitake. Wiki ya kwanza uliniharibia mchoro wa punda. Wiki ya pili nikaufanya mto, nikachora ng'ombe wakinywa maji kandokando yake. Wiki ya tatu ukawa mdomo wa mwalimu wa zamu akitoa matangazo kwenye gwaride. Nikajifunza kuanza na mpasuko wenyewe, nikijiuliza wiki hii unataka kuwa nini. Kisha picha hukunjwa, na wiki nzima hulala mfukoni mwangu chini ya mambo ya kufanya, bila mtu kujua.

Wenzangu wakanibandika jina la Profesa wa Vikaratasi. Nikajiona mvumbuzi. Kumbe wapi! Nilipopekua vitabu nikakuta kwamba katika karne ya 15 matabibu wa Uingereza walining'iniza mishipini mwao kalenda za ngozi zilizokunjwakunjwa, zenye michoro na majedwali ya nyota, wakizifungua ili kujua siku ifaayo kumtoa mgonjwa damu. Huko huko Uingereza, katika kijiji cha Haworth, walikuwako watoto wa kasisi mmoja, Charlotte, Branwell, Emily na Anne Brontë. Mwaka 1826 Branwell aliletewa na baba yake askari 12 wa mbao wa kuchezea. Watoto hao wakaanza kuwatungia askari hao visa, kisha wakawatengenezea vitabu vya kuwatosha kwa kimo! Vingine walivitia majalada ya karatasi zilizofungiwa sukari, wakavishona kwa uzi. Kimoja, alichokiandika Charlotte mwaka 1830 akiwa na umri wa miaka 14, kina ukubwa wa milimita 35 kwa 61 hivi. Mwaka 2019 jumba la makumbusho lililo katika nyumba yao ya zamani lilikinunua mnadani Paris kwa euro 600,000. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza juu ya Mama na pembe zake za njugu, nikacheka peke yangu maktabani hadi nikanyamazishwa.

Lakini turudi kwenye ule ukurasa wa nane.

Sheria niliyojiwekea ilikuwa hii: jambo lisilofanyika wiki hii lazima linakiliwe kwa mkono katika kijitabu cha wiki ijayo, na kando yake niandike limenakiliwa mara ngapi. Madeni mengi hayakufika mara ya pili. "Kurudisha kamusi ya kiranja" nililifuta Jumanne. "Kumwomba mwenzangu radhi kwa maneno ya bwaloni" nililifuta Ijumaa, ingawa niliona haya. Moja tu lilikataa kufutika. Kumwambia Mama. (1). Kumwambia Mama. (2). Kumwambia Mama. (3).

Ratiba ya manila haikuwa na nafasi ya neno kama hilo. Ilikuwa na masomo, usafi na michezo, basi. Kijitabu kilikuwa na ukurasa mzima unaoningoja, na kila Jumapili kalamu yangu iliandika kwa mwandiko wangu kwamba mimi ni mwongo bado. Tulipokwenda likizo fupi ya katikati ya muhula nilikuwa nacho mfukoni. Mama alinimiminia chai, akaketi, akanitazama.

"Una neno la kuniambia?"

"Hakuna, Mama."

Akaniongezea chai. Hakusema zaidi. Jumapili nikarudi shuleni, nikakunja karatasi mpya, nikaongeza namba.

Ndivyo ilivyofika Jumatano, tarehe 17 Julai, karatasi ya Hisabati, na ile sauti ya msimamizi.

Kama humjui Mwakenya, sikiliza. Hilo lilikuwa jina la chama cha siri cha miaka ya 1980, na kirefu chake ni Muungano wa Wazalendo wa Kuikomboa Kenya. Maandishi yake yalipita kwa siri kutoka mkono hadi mkono, na kuanzia mwaka 1986 watu wengi, wakiwemo wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu, walikamatwa na kufungwa kwa kuhusishwa nacho. Zama hizo karatasi moja tu ingeweza kumpeleka mtu gerezani. Wanafunzi wakalichukua jina hilo wakakibandika kikaratasi cha kuibia mtihani, nacho ndicho kinachoitwa mwakenya hadi leo. Kwa hiyo unaweza kufikiri mwenyewe nilivyojisikia nikitembezwa kati ya madawati hadi ofisini kwa Naibu wa Mwalimu Mkuu, huku wenzangu wakinong'ona, "Ameshikwa! Profesa ameshikwa!"

Bwana Naibu alikifungua kijitabu kwa ncha za vidole kana kwamba kitamwuma. Akasoma kwa sauti.

"Jumatatu. Logi, maswali matano. Kufua soksi." Akanitazama miguuni. "Jumanne. Pythagoras, maswali matano. Usimcheke mtu. Jumatano. Mtihani. Lala mapema." Akageuza hadi mwisho. "Madeni. Kumwambia Mama. Tisa." Akanyanyua macho. "Hii tisa ni nini? Ni jibu la swali la ngapi?"

"Si jibu, Mwalimu."

"Kwani unatuona sisi wajinga? Unaandika Mama, halafu namba, halafu unaingia nayo kwa mtihani wa Hesabu?"

Mwalimu wa Hisabati akaitwa ili aseme kama tisa ni jibu. Akaupitia mtihani mzima, mstari kwa mstari, miwani ikiwa puani. Mwishowe akasema kwa masikitiko kwamba hakuna swali lolote ambalo jibu lake ni tisa. "Ila," akaongeza akiitazama karatasi yangu, "huyu ameandika tisa katika swali la nne, na amekosa."

Ningecheka kama nisingekuwa nalia.

"Basi tueleze," Bwana Naibu akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Mama unamdai au anakudai?"

"Ananidai, Mwalimu."

"Anakudai nini?"

"Ukweli."

Nikasimulia yote: asilimia 19, atlasi, mvua, chai. Nilikuwa nimelibeba neno lile wiki tisa nisiweze kulisema mbele ya mtu mmoja anayenipenda, nami sasa nalisema mbele ya walimu wawili na karani wa ofisi.

Bwana Naibu akafunga kijitabu. Akanieleza kwamba ananiamini, lakini sheria ya chumba cha mtihani haiulizi karatasi imeandikwa nini. Inauliza tu kama ipo. Kama ungekuwa mtihani wa kitaifa, akasema, ningejuta zaidi. Karatasi yangu ya Hisabati ingepewa sifuri, ningefyeka nyasi nyuma ya bwalo kwa siku tatu, na mzazi angeitwa. Sikuwa na la kujitetea. Alikuwa amesema haki.

Mama alifika kesho yake asubuhi, akiwa na kitambaa chake cha kwenda kanisani kichwani. Bwana Naibu alimweleza habari, akakisukuma kijitabu mezani. "Mama, hiki ndicho tulichompata nacho."

Mama hakukisoma. Alikigeuza mara moja, akapapasa ukingo wake kwa kidole gumba. "Hiki kimekunjwa na mtu ninayemjua," akasema. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria ofisini mle. Akakifungua. Alivuta ncha, akalaza mikunjo, karatasi nzima ikatandazika mezani upande wa ndani ukiwa juu.

Picha ya wiki ile ilikuwa kibanda chake. Nilikuwa nimemchora yeye kwa ndani, sinia la njugu mbele yake, watu wamepanga foleni kwa nje. Mpasuko nilikuwa nimeufanya kidirisha cha kupitishia pesa. Mama akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akapitisha vidole viwili katika kile kidirisha, kama mteja anayeomba njugu, akavirudisha.

Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akailaza kando ya picha. Nikaitambua kabla haijafunguliwa. Ilikuwa ripoti yangu.

"Karatasi zote za nyumba ile hupitia kwa mikono yangu," akasema. "Ulidhani atlasi ni benki?"

"Umekuwa nayo tangu lini, Mama?"

"Tangu mwezi wa tano. Ulikuwa umerudi shule, karatasi za njugu zimeniishia, nikaingia kwa lile boksi."

Yaani ile siku ya chai alikuwa anajua! Nikamwuliza, machozi yakinibubujika, kwa nini hakuniambia.

"Nilitaka uniambie wewe," akanijibu. "Deni mtu akilipa kwa kushikwa, hajalipa. Amenyang'anywa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko sifuri, kuliko nyasi, kuliko macho ya ukumbi mzima. Kwa sababu yalikuwa kweli. Nilikuwa nimejivunia ukurasa wangu wa nane kana kwamba kuliandika deni ni kulipunguza. Nilikuwa nimelinakili mara tisa kwa mwandiko mzuri. Kijitabu kilifanya kazi yake yote: kilinionyesha deni, kikalihesabu, kikanikumbusha. Kulipa hakiwezi. Mficha maradhi kifo humwumbua, na mimi niliumbuliwa na gramu tano za karatasi.

Nilifyeka nyasi siku tatu. Siku ya mwisho mwalimu wa Hisabati alipita hapo bwaloni, akanipa karatasi yangu ya mtihani. Juu iliandikwa 0 kwa wino mwekundu. Chini, pembeni kabisa, kwa penseli, alikuwa ameandika 43. Alikuwa ameisahihisha hata hivyo. "Hiyo haihesabiki," akaniambia, akaenda zake. Nilifahamu kwamba haihesabiki. Lakini maswali matano ya Jumatatu na matano ya Jumanne, wiki tisa, yalikuwa yamenitoa kwenye 19 hadi pale.

Tulipofunga muhula mwezi wa Agosti, sikungoja kuulizwa. Mama alikuwa bado amesimama mlangoni nilipoitoa ripoti na kumsomea yote, pamoja na lile sifuri. Akaniambia nile kwanza. Baada ya chakula tukaketi kwenye vigoda kukunja karatasi, kama zamani, magoti yakigusana. Safari hii koo langu lilikuwa tupu, na nilikunja nyingi kuliko yeye.

Usiku ule nilimtengenezea kijitabu chake. Makondakta wengi humkopa njugu asubuhi wakisema watalipa jioni, na mali bila daftari hupotea bila habari. Alikipokea, akakikagua mikunjo, akatabasamu. Kisha akachukua kalamu, akaruka kurasa zote za wadeni wake, akafungua ule wa nane, akaandika jina la mama mmoja sokoni anayemwuzia njugu mbichi na kiasi anachomdai. Kesho yake alipita kwake kabla ya kufungua kibanda.

Siku hizi bado nakunja kila Jumapili. Picha bado nachora, na mpasuko umekuwa mengi: kovu, mlango wa matatu, jicho la paka. Sheria ya ukurasa wa nane nimeibadilisha. Neno lolote likifika (3) silinakili tena. Naondoka pale nilipo, naenda kulifanya, miguu ikitetemeka.

Nawe, msomaji mwenzangu wa chama hiki cha Kiswahili, karatasi moja ya katikati haitaliua daftari lako. Ikunje Jumapili hii. Anza na mpasuko, chora utakalo, kisha uandike wiki yako kwa maneno machache. Ukifika ukurasa wa nane usiogope kuandika kile unachokijua. Na siku ya mtihani, tafadhali sana, kiache bwenini.